Hati Safi, Paa Bovu: Sparkbrook na Historia ya Ukaguzi wa Nyumba

Kila familia ya kwetu inapofikia hatua ya kununua nyumba hapa Sparkbrook, swali moja huzuka mezani: je, tumlipe sevea aje akague nyumba, au pesa hizo tuzihifadhi kwa ajili ya mazulia na rangi? Ada yake si haba. Ni mamia ya pauni, na kwa nyumba kongwe au kubwa yaweza kuvuka elfu moja. Tena hudaiwa wakati mbaya kabisa, pale mnunuzi ameshakamuliwa na wakili na benki, na hana hakika kama nyumba ataipata au ataikosa. Basi wengi huona ni heri kumwita shemeji aliye fundi, apitepite vyumbani, agongegonge kuta, aseme "nyumba nzima hii", na mambo yaendelee.

Sikukusudia kumpangia mtu matumizi ya pesa zake. Nimekusudia kueleza tulikotoka, kwani uamuzi huu una historia yake. Kwa kweli ni historia tatu zilizokutana katika mtaa mmoja: ile tuliyokuja nayo kutoka Afrika Mashariki, ile ya mitaa yenyewe ya Sparkbrook, na ile ya mahakama za Uingereza. Anayezijua zote tatu ataamua kwa macho mawili, si kwa moja.

Sevea wa kwetu na sevea wa huku

Kwetu, ukisema "sevea", mtu humwona mpima ardhi na vyombo vyake, akipanda mawe ya mipaka kwenye pembe za kiwanja. Kazi yake ni ardhi. Tunauliza: kiwanja kimepimwa? Hati ipo? Jina la nani? Warithi wangapi, na wote wamekubali? Hofu yetu kubwa ni kuuziwa kiwanja ambacho kimeshauzwa kwa mwingine, au kununua nyumba ya urithi kutoka kwa ndugu mmoja huku wengine watano hawana habari. Ndiyo maana ukipita Dar es Salaam utaona kuta zimeandikwa kwa rangi, "Nyumba hii haiuzwi". Maandishi hayo ni ulinzi dhidi ya matapeli, kwa kuwa wapo wanaouza nyumba zisizo zao.

Hofu hiyo haikuzuka hewani. Katika pwani ya Kenya, serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya hati za ardhi mwaka 1908, ikawataka wenyeji wapeleke madai yao yaandikishwe, na kisichothibitishwa kuwa mali ya mtu kikahesabiwa kuwa cha Serikali ya Mfalme. Mombasa ikazalisha utaratibu ambao watu wa Majengo wanaujua vizuri, yaani nyumba bila ardhi: kuta na paa ni vyako, lakini ardhi iliyo chini yake ni ya mwingine, nawe unamlipa kodi. Ng'ambo ya Unguja mambo yalikuwa hayo hayo, mpaka mwaka 1928 wakazi wakagoma kulipa kodi ya ardhi. Kwa hiyo babu zetu walijifunza kwa machungu kwamba nyumba nzuri bila hati ni mashaka matupu.

Lakini nani kwetu aliwahi kulipa mtu aje amwambie kama ukuta una unyevu? Wachache mno. Nyumba nyingi tulizozijua tuliziona zikijengwa, tofali kwa tofali, au zilijengwa na baba mwenyewe. Ukuta ukipasuka, fundi wa mtaani anaitwa. Bati likivuja, linabadilishwa. Kasoro ya jengo ilionekana kuwa jambo dogo mbele ya kasoro ya hati.

Hapa Uingereza mizani imegeuka. Ofisi ya kuandikisha ardhi ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1862, na kuanzia tarehe 1 Desemba 1990 uandikishaji ukawa wa lazima kila ardhi inapouzwa popote Uingereza na Wales. Leo hii mtu yeyote, kwa malipo ya pauni chache, anaweza kusoma jina la mwenye nyumba karibu yoyote, na kujua kama kuna deni la benki juu yake. Wakili wako analishughulikia jambo hilo kwa vyovyote vile. Maana yake ni kwamba lile tunaloliogopa zaidi lina mtu wa kulichunga, na lile tusiloliogopa, yaani jengo lenyewe, halina wa kulichunga isipokuwa mnunuzi.

Sheria ya hapa tangu zamani inasema mnunuzi na ajihadhari. Muuzaji hatakiwi kukudanganya, na akitoa jibu la uongo kwa swali uliloulizwa kwa maandishi, sheria ya mwaka 1967 inakupa njia ya kumdai. Lakini halazimiki kukusimulia kwa hiari yake kwamba boriti za chini ya sakafu zimeoza. Kunyamaza si kosa. Anayetaka kujua na atafute.

Kuna ndugu zetu kutoka Mji Mkongwe wa Unguja ambao hawahitaji mahubiri haya. Wao wamekulia katika nyumba za mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko, na wanajua kwamba nyumba ya aina ile huuawa na maji yanayoingilia juu, polepole, bila kelele. Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa mwaka 1883, lilikuwa katika matengenezo pale sehemu yake ilipoporomoka tarehe 25 Desemba 2020, na mafundi wawili wakapoteza maisha. Kwa miaka mingi lilikuwa limesimama, na watu wakilipiga picha kila siku. Matofali ya Birmingham si matumbawe, lakini adui ni yule yule.

Mitaa iliyojengewa watu wengine

Sparkbrook limepewa jina la kijito kidogo. Kabla ya kuwa mtaa lilikuwa mashamba nje ya mji. Mwaka 1742 Sampson Lloyd, wa ile familia ya Waquaker iliyoshiriki kuanzisha benki Birmingham mwaka 1765, alinunua shamba hapa, na nyumba yao ingali imesimama katika bustani inayoitwa Farm Park. Jina la Barabara ya Dolobran ni la kwao Wales. Joseph Priestley, mwanasayansi aliyegundua hewa ya oksijeni, aliishi Sparkbrook pia, mpaka Julai 1791 wafanya ghasia walipoichoma nyumba yake kwa sababu ya imani na siasa zake.

Nyumba tunazozinunua sisi zilikuja baadaye, sehemu kubwa katika nusu ya pili ya karne ya 19, Birmingham ilipokuwa ikipanuka kwa viwanda. Kulikuwa na nyumba kubwa za wenye nafasi, na safu ndefu za nyumba zilizoungana kwa ajili ya mafundi na wafanyakazi. Kuta zake ni za tofali zito lisilo na uwazi katikati, unene wa inchi tisa. Paa zake ziliezekwa kwa vigae vya mawe ya rangi ya kijivu. Sakafu ya chini mara nyingi ni mbao juu ya boriti, na chini ya boriti kuna nafasi ya hewa. Kila chumba kilikuwa na meko, na moshi wote ulikwenda katika dohani moja kubwa ambayo mara nyingi nyumba yako inaichangia na ya jirani. Kati ya nyumba na nyumba kuna ule ujia wa pamoja wa kupitia uani, na chumba cha juu cha mmoja huwa kimeuvuka ujia huo. Haya yote ni mambo ambayo sevea huyatazama kwanza.

Nyumba nyingi za Birmingham za enzi zile zilijengwa juu ya ardhi ya kukodi kwa miaka 99. Mtu wa Mombasa haitaji kufafanuliwa: jengo ni lako, ardhi ni ya mwingine, na muda ukiisha vyote vinarudi kwa mwenye ardhi. Sasa piga hesabu. Nyumba iliyojengwa miaka ya 1860 au 1870, mkataba wake wa miaka 99 unakwisha miaka ya 1960 au 1970. Ni nani atakayetengeneza paa la nyumba ambayo baada ya miaka kumi si yake tena? Hapo ndipo uchakavu ulipoota mizizi, kabla hata mhamiaji wa kwanza hajagonga mlango. Ni mwaka 1967 tu ambapo sheria mpya iliwapa wengi wenye mikataba mirefu ya nyumba haki ya kuinunua ardhi iliyo chini yao.

Mwaka huo huo wa 1967 kilichapishwa kitabu cha John Rex, mzaliwa wa Afrika Kusini, na Robert Moore, kuhusu Sparkbrook hii hii. Walichunguza jinsi watu kutoka Ireland, Pakistan na visiwa vya Karibi walivyopata makazi. Walichokuta ni mlango uliofungwa pande mbili. Nyumba za halmashauri zilihitaji mtu awe ameishi mjini miaka mitano kabla ya kuingizwa katika orodha. Vyama vya mikopo ya nyumba navyo havikupenda kukopesha wageni, wala kukopesha kwa ajili ya nyumba kongwe za katikati ya mji. Aliyebaki katikati alinunua nyumba kubwa iliyochakaa, ambayo mkataba wake ulikuwa unakaribia kwisha, kwa mkopo wa muda mfupi wa benki, kisha akapangisha vyumba ili aweze kulipa deni. Halafu mji ukamlaumu kwa kuwa na nyumba yenye vyumba vilivyojaa watu, na mwaka 1965 Birmingham ikapata sheria yake maalumu ya kuzisajili na kuzidhibiti nyumba za namna hiyo.

Sisi tuliingia katika hadithi hiyo kwa mafungu. Walitangulia Wahindi wa Kenya kabla ya sheria ya uhamiaji ya mwaka 1968 kubana mlango. Mwaka 1972 Idi Amin aliwapa Wahindi wa Uganda siku 90, na takriban 28,000 wakaja Uingereza, baadhi yao wakafika Birmingham wakiwa na masanduku yao na Kiswahili chao. Baada ya vita vya Somalia vya mwaka 1991 walikuja Wasomali, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 familia nyingi za Kisomali zilihama kutoka Uholanzi kuja mji huu. Wapo na ndugu kutoka Kongo, Burundi, Tanzania na Kenya.

Kila fungu liliikuta desturi ya mtaa: nunua kwanza, utaona mbele ya safari. Kwa maoni yangu desturi hiyo haikutokana na ujinga wala uzembe. Ilitokana na kubanwa. Mtu mwenye nyumba moja tu anayoweza kuipata haoni faida ya kulipa ada aambiwe ni mbovu. Atakwenda wapi? Kuchagua ni neema, na ukaguzi una maana kwa mwenye kuchagua. Lakini mambo yamebadilika. Siku hizi benki zinatukopesha, mawakili wapo wa lugha zetu, na mtu anaweza kutazama nyumba kumi kabla ya kupenda moja. Sababu ya desturi imeondoka, na desturi yenyewe imebaki.

Gamba jipya na upepo wa 2005

Kuna mambo mawili zaidi ambayo kila mnunuzi wa eneo hili anapaswa kuyajua, kwa kuwa hayaonekani kwa macho ya mgeni.

La kwanza: kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970, Birmingham ilikuwa mstari wa mbele katika mpango wa kuzivika nyumba kongwe gamba jipya. Badala ya kubomoa, halmashauri ilitengeneza kwa pesa za umma sehemu za nje za safu nzima ya nyumba: paa, dohani, madirisha, milango na mifereji ya mvua. Ulikuwa mpango wa heri, na mitaa mingi ya ndani ya mji ilinusurika kwa sababu yake. Lakini tuhesabu tena. Kazi hizo sasa zina umri wa miaka 40 na zaidi. Na gamba ni gamba: nyumba mbili zaweza kufanana nje kama mapacha, huku ndani moja imetunzwa na nyingine haijaguswa. Pia katika mitaa mingi vigae vya zamani viliondolewa na kuwekwa vya saruji, ambavyo ni vizito zaidi. Kenchi zilizotengenezwa kubeba mzigo mwepesi zikaongezewa mzigo, na zisipotiwa nguvu huanza kulegea, na kuta za juu husukumwa nje.

La pili: tarehe 28 Julai 2005, mchana, kimbunga kilipita Sparkbrook, Balsall Heath, Moseley na Kings Heath. Watu 19 hivi walijeruhiwa, na hakuna aliyekufa. Miti kama 1,000 iling'oka, na hasara ilikadiriwa kufikia pauni milioni 40. Barabara ya Ladypool iliumia sana. Shule ya Ladypool ilipoteza mnara wake, na Kanisa la Christ Church liliharibika hata likaja kubomolewa. Paa nyingi ziliezuliwa siku ile, na nyingi zikatengenezwa upya, nyingine vizuri, nyingine kwa haraka. Anayenunua nyumba katika njia ya upepo ule ana haki ya kuuliza ni nani aliyelitengeneza paa, lini, na karatasi zake ziko wapi. Dalali hatakwambia, yamkini yeye mwenyewe mwaka ule alikuwa mtoto.

Karatasi ya benki si ukaguzi

Sasa twende mahakamani, kwa sababu kosa linalorudiwa zaidi linatoka hapa. Mtu husema: "Benki ilituma mtu wake, akaitazama nyumba, mkopo ukapita. Basi nyumba ni nzima." Hapana. Mthamini wa benki anajibu swali la benki: tukimnyang'anya huyu nyumba kesho, tutapata pesa zetu? Hajibu swali lako: nitaishi humu kwa amani?

Kwa muda mrefu mnunuzi alilipa ada ya mthamini huyo, lakini taarifa ilikwenda kwa mkopeshaji, na ikiwa na makosa, mnunuzi alibaki na msiba wake. Mwaka 1981 ilikuja kesi ya mume na mke wa London walionunua nyumba kwa pauni 15,000 kwa mkopo uliotegemea uthamini wa namna hiyo. Baadaye ikagundulika kwamba matengenezo yangegharimu pauni 18,000, yaani kuliko bei ya nyumba. Katika kesi hiyo ilielezwa kwamba wanunuzi wa nyumba za kawaida waliochukua mkaguzi wao wenyewe hawakuzidi 15 katika kila 100. Tusidhani basi kwamba ni sisi wageni peke yetu tunaokwepa ada. Mwingereza naye alikuwa anaikwepa. Jaji aliwapa haki wanunuzi: mthamini alijua watamtegemea, kwa hiyo alipaswa kuwa makini kwao pia.

Mwaka 1989 Baraza la Malodi, lililokuwa mahakama ya juu kabisa wakati ule, liliamua kesi mbili kwa pamoja. Ya kwanza ilitoka Norwich. Mama mmoja alinunua nyumba kwa pauni 18,000. Katika chumba cha juu, mtu fulani zamani alikuwa amebomoa ule ukuta wa meko unaochomoza chumbani, ili apate nafasi. Dohani iliyobaki darini ikawa inaning'inia bila cha kuishikilia. Mthamini aliona ukuta umeondolewa, lakini hakupanda kutazama kinachoubeba uzito wa juu. Miezi 18 baadaye matofali yaliporomoka, yakapasua dari na kuangukia chumbani.

Kesi ya pili ni ya jirani zetu wa Kidderminster. Familia moja ilinunua nyumba kwa pauni 9,000 kwa mkopo wa Halmashauri ya Wyre Forest, kwa kutegemea mthamini wa halmashauri hiyo. Baada ya miaka mitatu walitaka kuuza. Mnunuzi mpya akaomba mkopo kwa halmashauri ile ile, na mthamini yule yule akaenda kuitazama. Safari hii ikaonekana nyumba ina hitilafu za kutisha, matengenezo yake yanazidi bei waliyoinunulia, na haiuziki. Karatasi zote mbili zilikuwa na maandishi madogo ya kukana lawama. Malodi wakasema maandishi hayo si ya haki kwa mnunuzi wa nyumba ya kawaida, na wanunuzi wakashinda.

Ukisikia hivyo waweza kusema: basi sheria inanilinda, sevea wa nini? Tazama vizuri walichokishinda. Kwanza, walishinda baada ya miaka mingi ya kesi, wakati kuta zilikuwa zao. Pili, mthamini anadaiwa tu kwa kile ambacho mtu makini angekiona katika ziara fupi ya uthamini. Hadaiwi kwa kilichofichika. Tatu, siku hizi mara nyingi benki inakadiria bei kwa kompyuta au kwa kupita nje na gari. Hakuna mtu aliyeingia, basi utamlaumu nani kwa kutoona? Nne, mwaka 2011 Mahakama ya Rufaa ilikataa kuupanua ulinzi huo kwa mtu anayenunua nyumba ili aipangishe, kwa hoja kwamba huyo ni mfanyabiashara na atafute ushauri wake. Wengi wetu tunanunua nyumba ya pili kwa ajili ya kupangisha. Na wale wanaonunua kwa pesa taslimu, zilizochangwa na ndugu au zilizotoka katika upatu, hao hawana hata huyo mthamini wa benki. Hakuna mtu yeyote mwenye taaluma aliyeitazama nyumba yao.

Serikali nayo ilijaribu. Sheria ya mwaka 2004 ilitaka muuzaji aandae bahasha ya taarifa za nyumba, na mpango wa mwanzo ulitaka iwe na ripoti ya hali ya jengo. Mwaka 2006 ripoti hiyo ikafanywa kuwa ya hiari. Bahasha zikaanza 2007 bila ripoti hiyo, na Mei 2010 zikasimamishwa. Kilichobaki ni cheti cha matumizi ya nishati, ambacho hakisemi lolote kuhusu dohani. Uskochi walichukua njia nyingine: tangu Desemba 2008 muuzaji wa nyumba kule hutoa ripoti ya mkaguzi kabla ya kuitangaza. Huku kwetu mzigo umerudi pale pale ulipokuwa, mabegani mwa mnunuzi.

Basi tuamue vipi?

Chama cha Kifalme cha Wakaguzi, kilichoanzishwa mwaka 1868, tangu 2021 kimepanga ukaguzi wa nyumba katika ngazi tatu. Ya kwanza ni ya juujuu, na inafaa nyumba mpya au iliyo katika hali nzuri. Ya pili inafaa nyumba ya kawaida isiyobadilishwa sana. Ya tatu ndiyo ya kina, na imekusudiwa nyumba kongwe, zilizoongezwa au zilizogeuzwageuzwa. Nyumba ya Sparkbrook ya miaka ya 1890, iliyoongezwa jiko nyuma, chumba darini na kuondolewa meko, inafaa ngazi ya tatu. Kulipia ngazi ya pili kwa nyumba hiyo ni kuokoa kidogo mahali pabaya.

Tuwe wakweli pia kuhusu upungufu wake. Mkaguzi hafunui zulia wala habomoi plasta. Mabomba ya maji machafu huhitaji mtu mwingine mwenye kamera, na nyaya za umeme huhitaji fundi wa umeme. Ripoti nyingine hujaa maneno ya kujihami mpaka msomaji achoke. Dawa yake ni kuzungumza naye kabla na baada: mwambie unataka kujua habari za dohani, paa, unyevu na misingi, kisha mpigie simu umuulize, je, ungemruhusu mwanao kuinunua? Mara nyingi jibu la mdomo huwa na nuru kuliko kurasa hamsini.

Na shemeji fundi? Mwiteni, tena mwiteni mapema. Jicho lake lina thamani, na litawaepusha kulipa ada kwa nyumba ambayo ni wazi haifai. Lakini shemeji akikosea, hakuna wa kulipa, na undugu nao huingia ufa. Mkaguzi aliyesajiliwa ana bima, na jina lake lipo chini ya ripoti. Unanunua macho yake, na unanunua pia mtu wa kuwajibika.

Wakati wake ni baada ya bei yako kukubaliwa na kabla ya mikataba kubadilishana. Katika kipindi hicho hakuna aliyefungwa, na ripoti inakupa nguvu ya kurudi kwa muuzaji na kusema: paa hili litanigharimu kiasi hiki, tupunguze. Kwenye mnada ni kinyume. Nyundo ikigonga umeshafungwa, kwa hiyo ukaguzi ufanyike kabla ya siku ya mnada, ama usinyooshe mkono.

Kuna anayeweza kuuruka ukaguzi bila lawama? Yupo. Anayenunua nyumba mpya yenye dhamana ya miaka kumi ana kinga ya aina nyingine, ingawa naye afadhali alete mtu wa kuorodhesha kasoro za mwanzo. Na yupo mwenye akiba ya kutosha, anayenunua kwa bei ya chini huku akijua ataivunja ndani yote na kuijenga upya. Huyo amekwisha kuihesabu hasara. Lakini familia iliyoweka akiba ya miaka kumi na mbili, iliyobakiwa na pauni elfu mbili tu baada ya kulipa amana, hiyo ndiyo inayojiona haina uwezo wa kumlipa sevea, na hiyo ndiyo haina uwezo wa kumkosa. Paa la safu moja ya vyumba laweza kumaliza akiba hiyo yote kwa wiki moja, na mogeji haisubiri.

Babu zetu walifundishwa na wakati wao kuuliza, "Hati iko wapi?" Swali hilo tusiliache. Tuliongezee la pili, la mji huu na la tofali hili: "Na juu ya dari, nani amepanda kutazama?"